Mashua Haisifiwi kwa Rangi

Juzi hapa Uroa, maji yamekupwa, nilikuta watu wameizunguka mashua iliyotoka kwa fundi. Buluu juu, nyekundu chini, inang'aa. "Hiyo ndiyo kazi!" wanasema. Niliinama kwenye mbao ya kwanza juu ya mkuku, nikabonyeza kwa ukucha. Rangi ikabonyea. Ndani yake matambara na saruji.

Sifa za namna hii zinaniudhi, kwa sababu fundi wa kweli hukosa kazi hivihivi.

Mitepe ya wazee wetu ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari. Waliojua chombo walitazama mshono, si rangi. Wewe pia utazame, lakini si mkavu. Chombo kikikaa mchangani, mimina ndoo tatu nne za maji ndani, kwenye ngama, kisha toka nje uchuchumae. Kila mshono utalia kidogo. Nenda kasali adhuhuri, urudi. Mzuri umenyamaza: mbao imevimba, imeibana pamba iliyoziba mshono. Mbovu bado unadondosha, tone kwa tone, palepale.

Pamba iwe uzi mmoja mrefu, uliosokotwa pajani na kuloweshwa mafuta ya nazi. Mzee aliyenifundisha kalafati hakutazama mkono wake, alisikiliza nyundo. Ikilia bubu, anaongeza; ikilia kavu, anaacha hapohapo. Kukaza kupita kiasi ni kosa lilelile la kulegeza, maana mbao ikilowa na kuvimba, pamba inazisukuma mbao zitoke kwenye mataruma.

Fundi mwingine alikuja alfajiri, akaziba kwa vipande vya pamba vya urefu wa kidole, akapaka rangi mwenye chombo hajaamka. Bamvua la kwanza, mwenye chombo alikesha na upo mkononi, akitoa maji.

Chini ipakwe deheni ya chokaa na shahamu, tena kwa kiganja, brashi haifikishi. Juu ipakwe sifa, yaani mafuta ya papa. Asiyevumilia harufu yake asimiliki mashua. Zamani harufu hiyo ilikupokea kabla hujaiona pwani, ukajua mafundi wako kazini. Siku hizi pananuka rangi ya dukani.

Ukienda kununua, chukua ndoo yako. Muuzaji akikukataza kumimina maji, rudi nyumbani na pesa zako.