Hadhira Isiyoweza Kuondoka: Utendaji wa B.B. King katika Live in Cook County Jail

Sehemu hii inahakiki Live in Cook County Jail, santuri ya mwimbaji wa bluzi B.B. King iliyorekodiwa gerezani Chicago tarehe 10 Septemba 1970 na kutolewa mwaka 1971. Katika uhakiki wa utendaji, shangwe za hadhira huchukuliwa kuwa ithibati ya kufaulu kwa fanani, kwa kuwa hadhira isiyoridhika huweza kuondoka. Wafungwa hawakuwa na hiari hiyo. Je, shangwe zao zina uzito gani? Jibu limo mwanzoni mwa santuri. Mkuu wa polisi wa kaunti na jaji wanapotambulishwa, wafungwa wanawazomea, nako kuzomea huko hakukuondolewa katika santuri. Hadhira iliyothubutu kuwazomea wenye mamlaka haikumshangilia King kwa woga. Aidha, “The Thrill Is Gone” ni wimbo wa mapenzi yaliyokwisha, wala hautaji gereza. Maana ya kifungo inaletwa na wasikilizaji wenyewe. Kwa hiyo, tunashikilia kwamba kuzomea kule si kelele za utangulizi, bali ni sehemu ya matini. Mhakiki anayekuruka hupoteza kipimo cha kupimia shangwe zote zinazofuata.