Safi na fifi: jinsi daraja la pamba lilivyopoteza bei

Mkulima wa Magu au Kwimba, Kanda ya Ziwa, anapovuna pamba hutakiwa kuwa na vyombo viwili. Kimoja ni cha pamba safi, nyeupe, isiyo na majani makavu wala vumbi. Kingine ni cha fifi, yenye madoa ya njano aliyoyaacha kangambili. Mdudu huyo hutoboa vitumba ili afyonze mbegu, na ukungu anaouingiza humo ndio unaoharibu rangi ya nyuzi. Kinu cha kuchambulia hakiliondoi doa hilo. Kwa hiyo daraja hupatikana shambani, kwa vidole, au halipatikani kabisa.

Zamani vidole hivyo vililipwa. Wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walichoka kupunjwa kwenye mizani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho la ushirika la Victoria. Pamba ilikuwa na bei mbili. Aliyechanganya alijipunja mwenyewe.

Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, wenye vinu binafsi waliingia kwa wingi, na baada ya muda uwezo wa vinu ukapita mavuno. Mnunuzi aliyekataa mzigo mchafu aliuona ukienda kwa mshindani wake. Bei ikawa moja. Ya nini basi kushinda juani ukichagua? Wengine walitia maji na mchanga ili kuongeza uzito, na wanunuzi nao wakachezea mizani. Kumlaumu mkulima peke yake ni kumwonea.

Sheria ya mwaka 2001 iliipa Bodi ya Pamba jukumu la kusimamia ubora, na kanuni za safi na fifi hazikufutwa. Kilichokosekana ni tofauti ya bei inayomfikia mvunaji.

Kuna pia balaa la mifuko ya plastiki ya salfeti. Uzi wake ukichomoka hauonekani ndani ya robota. Hujitokeza kitambaa kikishatiwa rangi, maana plastiki hiyo haishiki rangi ya pamba. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mifuko ya kitambaa.

Tangu msimu wa 2018/19 pamba hununuliwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS). Ni hatua nzuri: mkulima anapima kwenye chama chake mwenyewe. Lakini ushuru wa chama huhesabiwa kwa kilo, na kilo ya fifi huleta ushuru uleule wa kilo ya safi.