Ufundi wa Kunyamaza

Maharage ya Ufipa yana rangi nyingi kuliko anavyodhani mtu anayekutana nayo sahanini tu. Yapo mekundu, ya njano, meupe, meusi, na yale ya madoadoa ambayo kila punje ina michoro yake. Mwalimu hodari wa darasa la awali, awe Sumbawanga, Nkasi au Kalambo, huomba kwa mzazi kibaba kimoja cha maharage yaliyochanganyika, akayamwaga kwenye ungo mbele ya watoto wa miaka mitano, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko ninakokusudia kukusifia.

Watoto huanza kuchambua. Hakuna aliyewaagiza, ni kazi waliyoiona nyumbani kabla ya chungu kuinjikwa. Mmoja anatenga mekundu, mwenzake anatenga makubwa, na mara ugomvi unazuka: harage kubwa jekundu ni la nani? Somo la hisabati limekwisha kuingia darasani. Kitu kimoja kina rangi na kina ukubwa, na kundi linategemea umekiangalia kwa jicho gani. Mwalimu asiyeijua kazi yake angeamua ugomvi haraka ili kelele ziishe. Anayeijua huuliza, "Wewe umeliweka huku kwa nini?" Halafu anangoja jibu, hata likija kwa Kifipa. Akilipata analirudisha kwa Kiswahili, taratibu, pasipo kumkosoa mtoto, na siku chache baadaye yuleyule anasema "kwa sababu ni kubwa" kana kwamba alizaliwa nalo. Hili si jambo dogo katika mkoa huu wa Rukwa, ambako darasa moja laweza kuwa na watoto wa Kifipa na wa Kimambwe, na kule bondeni, kuelekea Ziwa Rukwa, watoto wa wafugaji wa Kisukuma.

Kuhesabu nako kuna siri yake. Mtoto wa umri huo anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea, lakini ukimwomba maharage sita akakupa nane. Kinywa kinakwenda mbio na kidole kinabaki nyuma. Harage moja linahesabiwa mara mbili, jingine linarukwa. Kumkaripia hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni trei ya mayai, ile ya mashimo 30 ambayo wenye maduka huitupa. Kila shimo harage moja, kila harage neno moja. Shimo linakilazimisha kidole kungoja. Baadaye mwalimu anaiondoa trei, maharage yanabaki juu ya mkeka mtupu, na mtoto anaendelea kuhesabu kwa mwendo uleule aliofundishwa na mashimo. Sijaona kifaa cha kununuliwa kinachoishinda trei hiyo.

Wafipa wenyewe walikuwa na mafundi wa kuandaa kisha kunyamaza namna hii. Huku na kule katika uwanda huu yapo mabaki ya malungu, tanuru za udongo zinazompita mtu kimo, ambamo wazee waliyeyusha chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tanuru hizo ndefu hazikuvukutwa. Fundi alipanga mkaa na mawe ya chuma tabaka kwa tabaka, akapitisha mabomba ya udongo chini pembeni, akawasha. Hewa ikajivuta yenyewe kwa urefu wa tanuru. Kazi yake kubwa ilikuwa imekwisha kabla moto haujashika. Mwalimu wa awali yuko hivyo. Jioni, watoto wakiwa kwao, ndipo anapokata maboksi, anapoosha visoda vya kona ya duka la kuchezea darasani na kufunika udongo wa kufinyangia kwa kiroba chenye unyevu. Kesho yake mpita njia akichungulia dirishani atasema watoto wanacheza tu, mwalimu amekaa.

Wazazi wengi nao hulalamika kwamba daftari la mtoto ni tupu. Natamani waione mikono yake. Vidole vitatu vinavyoshika penseli hupata nguvu kwenye udongo, pale mtoto anaposokota pembe za maksai na kulazimisha plau isimame. Asiyewahi kufinyanga hushika penseli kwa ngumi nzima na kutoboa karatasi.

Na kuna asubuhi za Juni na Julai, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo unapokata masikio na watoto wamejikunyata ndani ya masweta. Mwalimu mwenye busara hawafungii darasani. Anawatoa juani, wanacheza ukuti hadi damu ichemke, ndipo wanarudi kwenye mkeka.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ililifanya darasa hili kuwa la lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto walimiminika. Ni heri kubwa. Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini madarasa mengi nchini yanapita hapo mbali, na ugomvi wa harage jekundu hausikiki katika umati. Hapo kona za michezo darasani ndizo zinazomwokoa mwalimu: hawa dukani, hawa kwenye udongo, hawa kwenye trei, naye anazunguka akisikiliza kundi moja baada ya jingine.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu wa Rukwa: mnapogawa madarasa mwezi Januari, la awali mpeni mwalimu wenu bora kuliko wote, asiachiwe yule aliyekosa pa kupangiwa. Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Udongo, magunzi, trei na visoda havihitaji mchango wa fedha, ila mwalimu hawezi kuvikusanya peke yake kwa darasa zima. Tumpelekee.