Mtwapa hadi Gede kwa Njia za Pembeni

Iacheni barabara ya lami! Waachieni malori ya saruji na matatu za Malindi. Kati ya Mtwapa na Gede, upande wa baharini, kuna vijia vya miguu, barabara za mashamba ya makonge, ufuo mgumu na njia za msituni ambavyo ukiviunganisha unapata safari ya baiskeli ya milimani isiyo na mlima hata mmoja, na nathubutu kusema ndiyo safari tamu kuliko zote Kenya. Ndiyo, nimesema. Watu wa Nairobi wabaki na Ngong na Karura yao. Huku kwetu ardhi yenyewe inabadilika chini ya tairi kila baada ya mwendo mfupi, na kila inapobadilika kuna mji wa kale umekaa hapo ukikungoja.

Anzia Jumba la Mtwana, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Mtwapa. Mji huu ulistawi karne ya 14 na ya 15, kisha ukahamwa. Yamebaki magofu ya nyumba na misikiti 4 chini ya mibuyu, na ule msikiti wa ufuoni uko karibu mno na maji hata unasikia wimbi ukiwa ndani ya kuta zake. Baiskeli inabaki langoni, na ndivyo inavyotakiwa. Hizo kuta zimeshaona mengi. Tembea, kunywa maji, kisha teremka ufuoni uanze kazi.

Sasa hapa pana jambo ambalo ramani ya simu haitakwambia. Safari hii inaongozwa na mwezi. Nyakati za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hukauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo saa yako! Ufuo wa Kikambala unageuka uwanja mpana, mchanga umeshikamana, na tairi inateleza bila kelele huku wavuvi wa pweza wakiwa mbali kule mwambani. Ukienda siku za maji mafu utasukuma baiskeli kwenye mchanga laini na kulaani kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Na upepo? Kati ya Juni na Septemba kusi inavuma kutoka nyuma yako ukielekea kaskazini, na masika yamekwisha, kwa hiyo hakuna tope. Msimu wa kaskazi, geuza: anzia Gede uteremke. Mabaharia walilijua hili kabla baiskeli haijabuniwa.

Vipingo unaingia kwenye makonge. Omba ruhusa kwanza, maana ni mashamba ya watu. Barabara za udongo mwekundu zimenyooka mpaka zinachosha macho, lakini mwendo wake! Gia ya mwisho, vumbi nyuma, bahari ikichungulia kulia. Tahadhari moja: ncha ya jani la mkonge haina huruma. Weka tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba ndani, ama ubebe gundi na viraka vya kutosha kufungua duka.

Halafu Vuma. Jamani, Vuma! Hapa pwani inaacha upole wake. Ni majabali ya matumbawe ya kale, masalia ya mwamba uliokuwa chini ya bahari enzi ambazo maji yalikuwa juu kuliko leo, na kijia kinapita juu yake huku mawimbi yakigonga chini. Jiwe ni kali, lina mashimo na meno, na linataka uendeshaji wa akili: simama juu ya pedali, legeza viwiko, tazama mbele badala ya kutazama gurudumu. Springi za mbele hapa zinalipa bei yake yote. Ukiwa na hofu, shuka utembee. Kuanguka kwenye matumbawe ni kuchunwa ngozi, si kuchubuka. Kwangu mimi kipande hiki kifupi kinapita ufuo wote wa nyuma.

Takaungu unafikia ukiwa umelowa jasho, na mji hauna haraka nawe. Baada ya Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, kuitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837, tawi moja la ukoo huo lilihamia hapa na jingine likaenda Gazi, kusini. Mwaka 1895 mzozo wa nani arithi utawala wa Takaungu uliwaingiza Waingereza, ukawasha vita vya Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, vilivyotikisa pwani nzima. Leo unakaribishwa na vichochoro, harufu ya mahamri na mteremko mkali hadi majini, ambako hakuna daraja. Kuna chombo cha makasia.

Mzee wa chombo alinitazama mimi, akaitazama baiskeli. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hiyo ilaze, mwanangu, usiisimamishe. Na huo mnyororo usiniguse nguo." Niliilaza ubavuni, usukani umegeuzwa, pedali ya juu nimeishika kwa mkono isimkwaruze mama aliyekuwa na kikapu cha samaki mapajani. Maji ya kijani kibichi, makasia mawili matatu, mkono wa bahari umeshavukwa. Niambieni ni mbio gani za baiskeli duniani zenye kituo kama hiki!

Kabla ya daraja la Kilifi, kata kulia uende Mnarani. Msikiti wa karne ya 15, kaburi lenye mnara, kisima kirefu na mbuyu ambao watu wanne hawawezi kuukumbatia, vyote juu ya jabali linalotazama hori lote la Kilifi. Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 1991 na kuipumzisha feri. Livuke upesi, upepo wa juu ni wa kusukuma. Kutoka Kilifi hadi Mida kuna mikorosho, vijiji, mikorosho tena. Kipande cha kawaida. Kula viazi karai, songa mbele.

Kwa sababu mbele ni Arabuko-Sokoke! Kilomita za mraba takriban 420, msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa mwendesha baiskeli ni misitu mitatu. Upande wa bahari kuna msitu wa miti mchanganyiko juu ya mchanga wa kijivu, umeshikana vizuri. Katikati inakuja mirihi, mirefu na yenye nafasi, juu ya mchanga mweupe unaomeza gurudumu. Hapa nilishuka, nikabonyeza vali, nikasikiliza upepo ukitoka mpaka kipimo kikasoma psi 18 mbele na 20 nyuma. Tofauti yake ilikuwa ya ajabu: tairi ikatandaza tumbo, baiskeli ikaelea. Magharibi zaidi udongo unakuwa mwekundu na vichaka vinakaza, na njia inapanda hadi Nyari, ambapo unasimama na kuuona msitu wote chini yako, hori la Mida, na bahari nyuma yake.

Usiingie kienyeji. Lipa kituoni Gede, uliza njia zipi ziko wazi kwa baiskeli siku hiyo, na uende na kiongozi. Tembo wapo, na hawana desturi ya kupisha. Ukiwa na bahati atakukatia njia yule sange mwenye makalio ya dhahabu, anayepiga mbio kuliko wewe na hana gia.

Na Gede ndiyo hiyo, nje ya msitu. Jumba la mfalme, msikiti mkuu, kaburi lililochorwa mwaka wa Hijria unaolingana na 1399. Vyombo vya kauri vya Kichina vilichimbuliwa hapa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Kima watakuibia ndizi mchana kweupe. Ukiwa umetoka Jumba kwa miguu yako mwenyewe, unaanza kuuona ukanda huu walivyouona waliojenga miji hii: mji, maji, mji, maji.

Dosari? Zipo. Hakuna kibao hata kimoja cha njia. Kuta za viwanja vya ufuoni zinazidi kufunga vichochoro ambavyo wavuvi walipita tangu zamani, na mara kadhaa utarudishwa lami usipotaka. Joto la mchana si la mchezo. Na gari la kurudia lenye kichukuzi cha juu utaligombania kwa maneno matamu na nauli ya ziada.

Tairi zisipungue upana wa inchi 2.2, maji lita tatu, ondoka kabla ya jua. Safari inayofuata nakunja kutoka Gede kwenda Marafa, kwenye yale makorongo mekundu, na wanaotaka kufuatana nami watengeneze breki zao sasa.