Simba na Kilemba: Ishara za Dini katika Hadithi za Watoto

Wahenga wetu walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Katika usemi huo fumbo ni mfano wa mtihani. Aliyefumbiwa ama ataaibika, ama ataonyesha werevu wake. Lakini liko fumbo la namna nyingine, ambalo halikusudiwi kumwaibisha mtu. Mtunzi hulitia ndani ya hadithi ya watoto, wala hapungukiwi na kitu ikiwa mtoto hatalitambua leo. Mtoto huipokea hadithi, huifurahia, hukua nayo. Na pengine siku moja, akiwa mtu mzima, hushtuka kugundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa amebeba mzigo asioujua. Je, mzigo huo ulikuwa hazina, au ulikuwa mwiba? Hilo ndilo swali la makala haya.

Mfano nitakaoutumia ni hadithi saba za nchi ya Narnia zilizoandikwa na C. S. Lewis, na kutolewa Uingereza kati ya mwaka 1950 na 1956. Lewis alizaliwa Belfast mwaka 1898, akafundisha fasihi katika Vyuo Vikuu vya Oxford na Cambridge, akafariki mwaka 1963. Katika ujana wake aliikana dini. Mwaka 1931, baada ya mazungumzo marefu ya usiku na rafiki zake, mmoja wao akiwa J. R. R. Tolkien, mtunzi wa The Hobbit, aliurudia Ukristo. Vitabu vyake vimefasiriwa katika lugha nyingi, na tangu mwaka 2005 vimetengenezewa pia filamu kubwa zilizoonyeshwa kila pembe ya dunia. Kwa hiyo mwalimu asishangae akiulizwa na mwanafunzi wake: huyu simba ni nani?

Kitabu kilichotangulia kutolewa ni The Lion, the Witch and the Wardrobe, ambacho kwa lugha yetu twaweza kukiita Simba, Mchawi na Kabati. Watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanahamishwa London kwa sababu ya mashambulio ya ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, nao wanapelekwa mashambani katika nyumba ya profesa mzee. Lucy, aliye mdogo kuliko wote, anaingia katika kabati la nguo, na nyuma ya makoti anajikuta msituni, theluji ikianguka. Hiyo ndiyo Narnia, nchi ambayo Mchawi Mweupe ameifunga katika baridi ya daima, na Krismasi haifiki kamwe. Edmund anawasaliti ndugu zake kwa tamaa ya haluwa ya Kituruki aliyopewa na mchawi. Kwa sheria ya kale ya nchi hiyo, kila msaliti ni mali ya mchawi. Ndipo simba Aslan, mwenye nchi, anapojitoa afe badala ya mtoto yule. Ananyolewa manyoya ya shingoni, anadhihakiwa, anafungwa kamba, anauawa juu ya Meza ya Jiwe. Wasichana wawili wanabaki wakimlilia. Jua linapochomoza, meza inapasuka vipande viwili, na simba yu hai.

Msomaji aliyepata kusikia Injili hahitaji kuambiwa asili ya mambo hayo. Asiye na hatia anakufa badala ya mwenye hatia, askari wanamdhihaki, wanawake ndio wanaokuwa wa kwanza kumwona akiwa hai. Hata simba mwenyewe hakuchaguliwa ovyo, kwa kuwa Kitabu cha Ufunuo kinamwita Kristo simba wa kabila la Yuda. Katika kitabu cha safari ya baharini, kilichotolewa mwaka 1952, watoto wanafika pwani ya mwisho wa dunia na kumkuta mwana-kondoo aliyewaandalia samaki, kisha mwana-kondoo anageuka kuwa simba. Katika kile cha mwaka 1955 simba anaiumba Narnia kwa kuimba. Naam, dini imo tangu mwanzo hadi mwisho, na mwalimu anayesema haimo anawadanganya wanafunzi wake.

Lakini imo kwa namna gani? Hapa yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani istiari na ishara. Msomaji wa Kiswahili anaijua istiari vizuri kwa sababu ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951. Humo waziri aitwaye Majivuno anamshitaki Karama, na jina la kila mmoja ni ufunguo wa tabia yake. Hiyo ni sanaa halali, na Shaaban Robert aliimudu: msomaji anatakiwa atazame jina, kisha atazame nyuma ya jina. Ishara haina ufunguo wa namna hiyo. Huishi kwanza maisha yake yenyewe. Aslan ana manyoya na makucha, ananguruma, anacheza na watoto majanini, na anaogopesha. Lewis mwenyewe, katika barua aliyoiandika mwaka 1958, alieleza kuwa hakuandika istiari. Alijiuliza swali tu: tuseme ingekuwapo nchi kama Narnia, na tuseme mwokozi angefika huko kama alivyofika kwetu, mambo yangekuwaje? Aidha alieleza mahali pengine kuwa hakuanza na mahubiri. Alianza na picha iliyomjia akilini alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, anatembea thelujini akiwa na mwavuli.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana katika kile kisa cha haluwa. Mhubiri angesema kuwa dhambi ni tamu mwanzoni na chungu mwishoni, na watoto wangeitikia huku wakipiga miayo. Lewis anampa Edmund haluwa ambayo kila aionjaye hutaka nyingine, wala hatosheki. Tukumbuke kuwa mwaka 1950 peremende ziligawiwa Uingereza kwa kipimo cha serikali, na amri hiyo haikuondolewa hadi Februari 1953. Mtoto aliyekisoma kitabu hicho kilipotoka aliijua njaa ya sukari mwilini mwake. Hakuambiwa kuwa Edmund ni mwovu. Alijiuliza kama yeye mwenyewe angeweza kukataa. Hapo ndipo ishara inapofanya kazi yake. Halikadhalika Eustace, mvulana mchoyo na mwenye makuu, analala juu ya hazina ya joka na kuamka akiwa joka yeye mwenyewe. Anajaribu kujichuna ngozi mara tatu, na kila mara anakuta ngozi nyingine chini yake, mpaka simba anapomchuna kwa makucha na kumtupa majini. Mkristo ataona ubatizo. Asiye Mkristo ataona jambo ambalo kila mtu mzima analijua: tabia mbaya haivuki kwa kujichuna juu juu, na kupona kunauma.

Basi natoa kipimo changu cha kwanza. Ishara njema haimdai msomaji imani. Humdai akili na moyo. Katika darasa la kwetu Mwislamu na Mkristo huketi dawati moja. Kuhusu msalaba hawakubaliani, wala si kazi ya somo la fasihi kuwapatanisha katika hilo. Lakini wote wawili wanajua usaliti ni nini, na wote wanaweza kuliona jambo zuri linalofuata: Edmund anaporudi, simba anazungumza naye faraghani, kisha anawaambia ndugu zake kwamba hakuna haja ya kumtajia yaliyopita. Hakuna mtoto wa dini yoyote ambaye hakupata kutamani kusamehewa namna hiyo.

Laiti habari ingeishia hapo, makala haya yangekuwa ya sifa tupu. Haiishii hapo, na lililobaki linatuhusu sisi watu wa mwambao kwa karibu zaidi.

Jina Aslan ni neno la Kituruki, na maana yake ni simba. Lewis alisema kuwa alilipata katika maelezo ya Edward William Lane, aliyefasiri Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza katika karne ya kumi na tisa. Bahari hiyo ya hadithi ndiyo iliyonywewa na babu zetu. Na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, ina asili yake humo humo. Kwa hiyo simba wa Kikristo wa Narnia anatembea akiwa na jina alilolichukua katika nyumba ya Waislamu. Hilo si aibu. Hadithi husafiri kama majahazi, na hakuna bandari inayoweza kudai kuwa shehena yote ni yake.

Aibu ni kwamba mtunzi alikopa jina zuri kwa ajili ya simba wake, kisha akakopa kutoka upande huo huo mavazi ya kuwavika maadui zake. Kusini mwa Narnia iko nchi ya Calormen. Watu wake wana nyuso nyeusi, wanavaa vilemba, wanachukua panga zilizopinda, wanamiliki watumwa, na sarafu yao inaitwa hilali. Wanamwabudu Tash, sanamu yenye kichwa cha ndege mla nyama na mikono minne, inayotolewa kafara za watu. Msomaji Mwislamu anakiona kilemba, anaiona hilali, kisha anaoneshwa kuwa mwenye kilemba anasujudia sanamu, jambo ambalo dini yake inalikataza kuliko yote. Hii si ishara iliyozaliwa katika hadithi. Ni nguo kuukuu iliyookotwa katika ghala la chuki za zamani za Ulaya, ikavikwa mtu bila hata kupimwa kama inamwenea.

Haki yataka tumsikilize na mshitakiwa. Mchawi wa Narnia ni mweupe kama theluji, kwa hiyo si kila ubaya ulipakwa rangi nyeusi. Katika kitabu cha mwaka 1954 msichana wa Calormen, Aravis, ni shujaa wa hadithi, na mwishowe anakuwa malkia. Humo pia Lewis anakiri kwa mzaha kwamba watoto wa Calormen hufundishwa kusimulia hadithi kama Waingereza wanavyofundishwa kuandika insha, tofauti ikiwa kwamba hadithi watu hutamani kuzisikia. Mimi niandikaye insha nimeupokea mzaha huo kwa unyenyekevu. Tena katika kitabu cha mwisho, cha mwaka 1956, yumo askari kijana wa Calormen aitwaye Emeth, neno la Kiebrania lenye maana ya ukweli. Alimwabudu Tash kwa moyo safi maisha yake yote. Anapofika mbele ya Aslan akidhani ataangamizwa, simba anampokea, na kumwambia kuwa wema wake wote umehesabiwa kuwa ametendewa yeye.

Wako Wakristo waliomlaumu Lewis kwa kuufungua mlango mno. Msomaji mwenye kilemba naye ana haki ya kuuliza: kwa nini wema wangu uandikwe katika daftari la mwingine ndipo ukubaliwe? Hata hivyo mimi namwona Emeth kuwa ushahidi mkubwa wa sanaa. Mtunzi alikuwa amewavika watu wa Calormen nguo ya chuki. Lakini alipomtazama mmoja wao usoni, mtu huyo akawa mtu, na nguo ikamwanguka. Kosa lilikuwa kwamba alimtazama mmoja, akawaacha maelfu jinsi walivyokuwa.

Hapa natoa kipimo changu cha pili. Ishara mbaya hutambulika kwa jambo moja: humdai msomaji amdharau mtu kwa umbile au vazi lake kabla mtu huyo hajatenda lolote. Haluwa ni ishara ya kishawishi kwa sababu ya tendo lake. Humfanya alaye atake zaidi. Kilemba hakina tendo. Kukifanya alama ya uovu ni kumfundisha mtoto kuhukumu kwa macho.

Wala tusidhani kuwa dhambi hiyo ni ya wageni peke yao. Katika ngano zetu wenyewe, mara ngapi mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu? Watoto hucheka, na hadithi huisha. Lakini katika nchi yetu, hususa mikoa ya kanda ya Ziwa Victoria, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Sisemi kuwa ngano ndiyo iliyoshika panga. Nasema kuwa aliyeshika panga alikuwa amekwisha kufundishwa, tangu utoto, ni uso upi wa kuuogopa. Ndiyo sababu ishara katika kitabu cha watoto si jambo dogo.

Mwalimu afanye nini basi? Asiufiche Ukristo wa vitabu hivi, wala asiugeuze kuwa katekisimu. Awaache kwanza wanafunzi waifurahie hadithi. Kisha awaulize: simba huyu anafanana na nani, na hafanani naye wapi? Ishara hii imesimama kwa tendo, au kwa rangi na vazi? Ungekuwa mtoto wa Calormen, ungeisomaje sura hii? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo atakuwa amejifunza uhakiki, na atautumia hata katika ngano za bibi yake.

Katika kitabu hicho cha mwisho nyani mwerevu anamvika punda ngozi ya simba, na wanyama wengi wanamtii wakidhani ni Aslan. Wanadanganyika kwa kuwa wanamwona kwa mbali, usiku, kwa mwanga wa moto. Lewis alitupa onyo jema kuliko alivyojua. Kila ishara tuletewayo, iwe ya kutufanya tuabudu au ya kutufanya tuchukie, tuisogelee mchana kweupe, tuishike ngozi, tuone kama chini yake mna simba.