Hisa Hazishikiliwi: Tafsiri za Soko la Mitaji Zipimwe Upya

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwezi Aprili, 1998, kwa hisa za kampuni ya TOL, istilahi za fedha zimeingia katika lugha yetu kwa wingi kuliko tulivyoweza kuzipima. Hivi karibuni tulionyeshwa huko Kiseke, Mwanza, tafsiri ya taarifa ya kampuni moja, yenye sentensi hii: "Wawekezaji wa kitaasisi wanaoshikilia hisa wamepunguza nafasi zao." Mwalimu mstaafu, mwenye hisa chache, alituuliza kama ni vyuo vilivyopunguza nafasi za masomo, na kama hisa zake zimeshikiliwa na polisi. Swali hilo si la kuchekwa, kwani lahusu akiba yake.

Neno hisa lenyewe halina kasoro. Hata hivyo, wazee wengi wa Kanda ya Ziwa walilijua kwanza katika vyama vya ushirika vya pamba, ambamo kila mwanachama ana kura moja. Katika kampuni, kura hufuata idadi ya hisa, nazo huuzwa kwa bei inayopanda na kushuka. Mfasiri asidhani kwamba neno likifahamika, basi na maana imekwisha kufahamika.

"Kushikilia" hakufai, maana tunalo neno kumiliki. "Kupunguza nafasi" ni kuuza sehemu ya hisa. Basi na isemwe hivyo. Ama "mwekezaji wa kitaasisi", kumtanguliza mwekezaji humfanya msomaji atafute mtu. Tunapendekeza taasisi wekezaji, na kwa mara ya kwanza mfasiri atoe mifano: kampuni ya bima, benki, au mfuko wa pensheni kama PSSSF, ulioanzishwa 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyotangulia. Hapo mwalimu wetu angetambua kwamba miongoni mwa "wawekezaji" hao huenda umo mfuko unaomlipa pensheni.

Kosa zito zaidi ni kuchanganya umiliki na mauzo. Nchini Marekani, kwa marekebisho ya sheria ya 1975, taasisi zinazosimamia hisa zenye thamani ya dola milioni 100 au zaidi hutoa taarifa katika siku 45 baada ya kila robo mwaka. Taarifa hiyo huonyesha kilichomilikiwa siku ya mwisho ya robo. Ununuzi na uuzaji hukisiwa kwa kulinganisha taarifa mbili. Kwetu, taarifa ya mwaka ya kampuni hutaja wenye hisa wakubwa, ilhali taarifa ya soko ya kila siku hueleza bei na idadi ya hisa zilizouzwa, si majina ya waliouza. Mfasiri aandikaye "wanauza" mahali palipostahili "walikuwa na hisa chache kuliko robo iliyopita" humsukuma mwananchi kuuza kwa habari iliyokwisha chakaa.

Hatuwadharau wafasiri, kazi yao ni ngumu na muda wao ni mfupi. Tunawaomba tu, kabla ya kupeleka tafsiri kwa mpiga chapa, wamsomee mtu mmoja ambaye fedha zake zimo ndani ya habari hiyo.