Mkono wa Kushoto wa Mpiga Kinanda

Anayetafuta mpiga kinanda wa harusi Nakuru huuliza kwanza ana kinanda aina gani. Swali hilo halimfikishi mbali. Hata Yamaha ya bei nafuu, zile za PSR-E, hushuka hadi mapigo 11 kwa dakika na kupanda hadi 280, na hakuna harusi ya Bahati wala ibada ya Kaptembwa itakayohitaji hata nusu ya hayo. Cha kuuliza ni jinsi anavyotoka mwendo mmoja kuingia mwingine huku watu wako uwanjani wanacheza.

Mji huu unampima mwanamuziki kwa njia yake. Harusi moja hukutanisha wajomba wa Njoro, mashemeji wa Bomet, majirani waliotoka Kakamega na marafiki wa Kisumu, na kila upande unangoja wimbo wake. Mpigaji atoke mugithi, aingie Kikalenjin, apite kwa ohangla, halafu shangazi mmoja amnong'oneze kwamba wao wa isukuti wamesahauliwa. Asiyejua kazi huzima biti na kuanza kuitafuta nyingine kwenye skrini. Akiipata, nusu ya wachezaji wamesharudi kwa viti.

Kuna wengine hawazimi, lakini mambo hayawaendei vizuri zaidi. Kwenye Yamaha nyingi, ukibadilisha biti wakati mashine inapiga, spidi hubaki ile ya zamani. Ukibadilisha ikiwa imesimama, hushika spidi ya biti mpya. Ndiyo maana husikika isukuti inayochechemea: ngoma ni ya Kakamega, mwendo ni wa mugithi uliotangulia.

Basi tazama mkono wa kushoto. Kinanda kikiwa kinasindikiza chenyewe, hushikilia kordi ya mwisho hata vidole vikiinuka, kwa hiyo mkono huo unapata nafasi. Fundi huuinua mwishoni mwa mstari, akagonga Tap Tempo mara mbili kwa kipimo cha mwimbaji, si chake, kisha akarudi kwenye kordi kabla mstari mwingine haujaanza. Mkono wa kulia haukatiki. Akiwa fundi kweli, atakuwa ameachia ngoma zigeuke kidogo kwa kitufe cha Fill, ili mwendo mpya uingilie hapo, mahali ambapo sikio tayari linangoja kitu kibadilike. Mwanagenzi utamwona akibonyeza alama ya kujumlisha mfululizo, macho kwenye namba, biti ikipanda ngazi huku makofi ya watu yakiachwa nyuma. Kuongeza moja moja si kosa pambio linapochemka taratibu. Tatu au nne hakuna atakayezigundua. Kosa ni kutafuta ishirini kwa njia hiyo.

Kanisani mtihani mkubwa ni kutoka kuabudu kwenda sebene. Njia ninayoipenda ni kuzidisha mara mbili. Mkiabudu kwa 66, sebene ya 132 inakaa ndani yake: kila pigo la zamani sasa limebeba mawili, na mama aliyekuwa akipiga makofi polepole anaendelea vilevile mpaka aamue mwenyewe kuyaharakisha. Ingia na 120, na kanisa zima litalazimika kujisahihisha. Sikiliza pia kama biti imevutwa mbali na spidi iliyotengenezewa. Biti ya polepole ikikimbizwa hadi 130, visahani vyake hulia kama mfuniko wa sufuria inayotokota. Mwenye sikio huchagua biti nyingine badala ya kuilazimisha ile.

Mwomboko ndio hunionyesha mengi zaidi. Wazee wa Subukia waliucheza kwa akodioni na karing'aring'a, na mpiga akodioni alikuwa anaona miguu yao. Ni hatua mbili kisha mgeuko, na mgeuko wa mtu wa miaka sabini hauchukui muda sawa na wa kijana. Mashine haijui hilo. Mpigaji anayeikaza kwenye namba ile ile humfanya mzee ageuke nusu tu ili aiwahi hatua inayofuata. Mwenye heshima huipunguza mbili au tatu mara anapowaona wazee wanasimama, kabla hawajashikana mikono.

Kuna kitufe cha Sync Stop ambacho wengi hawakigusi, na ni hasara. Kikiwa kimewashwa, ngoma hunyamaza mkono wa kushoto unapoinuka na kurudi unapogusa tena. Mwimbaji anayependa kuvuta neno la mwisho mpaka watu wapige vigelegele hahitaji mwendo upunguzwe; anahitaji angojwe. Kuhusu kumalizia, sina mengi: kitufe cha Ending kikigongwa mara ya pili, mashine hupunguza mwendo wake taratibu, na kinatosha ilimradi kisiguswe wakati mwimbaji bado ana ubeti.

Ukienda kumsikiliza kabla ya kumlipa amana, usimwombe wimbo anaoupenda. Mpe nyimbo mbili za jamii mbili, mwambie aziunganishe bila kusimama, na umlete binti wa kwaya aimbe kwa mwendo anaoutaka yeye. Mpigaji akimwambia binti afuate mashine, endelea kutafuta.